Ubeti wa Tatu wa Wimbo wa Saba

Siku Mzee Kalamu alipotoa albamu isiyo na neno lake hata moja, chama cha wapenzi wake kiligawanyika kabla wimbo wa tatu haujaisha. Na huko kulikuwa kuvunja kanuni, maana chama kile kilikuwa na kanuni zake, na ya kwanza ilisema kwamba albamu mpya husikilizwa mara moja, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kufungua mdomo. Simu zote hutiwa kwenye sanduku la misumari. Mwenye kikohozi hutoka nje akakohoe huko. Kwa miaka thelathini na miwili hakuna aliyethubutu hata kuguna, seuze kusema.

Walikutana kwenye karakana ya seremala, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti, Jumamosi mchana baada ya kazi, wamekaa juu ya mbao na juu ya viti ambavyo havijawekewa migongo. Na aliyeguna, ajabu ya mambo, alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Wimbo wa tatu ulipofika kwenye kiitikio, wimbo ambao kila mtu mle ndani aliusikia mara ya kwanza akiwa amebebwa mgongoni, alishusha pumzi kwa sauti, akasema kwamba fundi wa kweli hutengeneza viti vyake mwenyewe, hapiti mitaani kupaka vanishi viti vya watu.

Basi, moto ukawaka. Waliokuwa wakijizuia waliona ruhusa imetoka. Mmoja akasema kalamu imekauka wino na mwenyewe anaona haya kukiri. Mwingine akasema la hasha, sauti ya mzee imekolea, hajawahi kuimba vizuri namna hii tangu aanze, na asiyetaka kusikiliza mlango uko wazi. Mwalimu, mtu wa kukueleza hata usichomuuliza, alisimama akaeleza kwamba mtu mzima ana haki ya kuwakumbuka waliomfunza kazi. Akajibiwa kwamba kuwakumbuka si lazima kuwe kwa nyimbo kumi na mbili. Albamu yenyewe ilikuwa ikiendelea kucheza nyuma ya zogo hilo, haina wa kuisikiliza.

Katibu wa chama hakuunga mkono upande wowote. Alikuwa dada yake mdogo Mwenyekiti, tumbo moja, na kazi yake ilikuwa ukarani wa masjala ya hospitali, kwenye chumba cha rafu zilizojaa mafaili mpaka darini. Miaka ishirini na saba ya kazi ile ilimtia woga mmoja usiomtoka, kwamba karatasi ikikaa kwenye faili la mtu mwingine, kuna mgonjwa atakayepewa dawa isiyo yake. Ndiyo maana chama kilimwachia Kitabu alichokianza akiwa msichana.

Kitabu kilikuwa daftari nene la jalada gumu, kubwa kama kibao cha kukatia nyama. Mzee Kalamu hakuwahi kuchapisha maneno ya nyimbo zake, si kwenye santuri wala kwenye kanda, kwa hiyo Katibu aliyapata kwa masikio. Husikiliza mstari, akasimamisha, akaandika, akarudisha nyuma, akahakiki. Wimbo mmoja ulimchukua jioni mbili, pengine tatu kama mpiga ngoma alikuwa na kiherehere. Kila mwisho wa mwaka alimpelekea Mzee mwenyewe, naye Mzee huvaa miwani, akasoma neno kwa neno, kisha chini ya kila ukurasa mpya akaandika, "Ni maneno yangu," na kutia sahihi. Nyimbo mia mbili na kumi na nne, sahihi mia mbili na kumi na nne. Na kanuni ya pili ya chama ilikuwa kwamba ndani ya Kitabu haliingii neno ambalo si lake.

Zogo lilikatwa na wimbo wa saba. Ulikuwa wa bendi moja ya zamani sana, wimbo ambao redio iliurudia na kuurudia mpaka kila mtu akaujua, beti mbili na basi. Mzee Kalamu aliziimba hizo mbili taratibu, na watu wakajikuta wamenyamaza. Kisha, pale ambapo wimbo ule huisha siku zote, yeye aliendelea. Aliimba ubeti wa tatu ambao hakuna aliyewahi kuusikia, akaufunga hivi: "Usizime hiyo taa, ni wewe nakutafuta."

Karakana nzima iliruka. Mstari ule ulikuwa roho ya chama. Ulichapwa kwenye fulana zao. Uliandikwa kwa rangi juu ya mlango. Katibu aliuweka kwenye kadi yake ya harusi, na marehemu mumewe akauimba mbele ya wakwe kwa sauti mbovu ambayo hakuna aliyeisahau. Ulitoka kwenye "Kizingiti," ukurasa wa arobaini na moja wa Kitabu, wimbo uliomfanya Mzee aitwe Kalamu. Mwalimu alimkumbatia jirani yake, akisema Mzee ametusalimia, amepenyeza salamu kwa watu wake ndani ya wimbo wa kale. Mwenyekiti akaipiga meza ya kazi ngumi mpaka maranda yakatawanyika. Alisema hiyo si salamu, huko ni kukata suruali yako ili utie kiraka nguo ya marehemu.

Kwa hiyo walibishana juu ya kila jambo isipokuwa hilo moja, kwamba mstari ni wa Mzee na ni yeye aliyeupachika pale.

Mwenyekiti akatoa hoja. Wiki mbili zijazo chama kingefanya sherehe ya mwaka, na Mzee alishakubali kuja. Ubao wa zawadi ulikuwa njiani. Mwenyekiti alikuwa akiuchonga kwa mkono wake tangu mwezi uliopita, mstari ule ule kwa herufi za kunyanyuka na jina la Mzee chini yake. Basi apewe ubao, ashukuriwe kwa aliyoyafanya, kisha Kitabu kifungwe. Upigwe mstari, iandikwe "Mwisho." Mtu asiyetunga tena hana haja ya mwandishi. Mikono ikahesabiwa. Kumi na mmoja walitaka kifungwe, kumi na mmoja hawakutaka, na Katibu hakunyoosha.

"Na wewe?" kaka yake akamuuliza.

"Mimi sijausikiliza," akasema Katibu. "Mmesikiliza kelele zenu. Nipeni hizo wiki mbili."

Walimpa, kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Lakini alirudi nyumbani roho juu. Kusema kweli, aliogopa. Mume alishatangulia, watoto wana makwao, na masjalani walishaanza kuzungumzia kustaafu kwake kwa ile sauti ya upole inayomfanya mtu ajione mgonjwa. Kitabu ndicho kitu pekee alichokuwa amekianza mwenyewe na ambacho hakuna mwingine angeweza kukiendeleza. Kukifunga kwa mabishano ya mchana mmoja, tena ya watu ambao hawakusikiliza, aliona ni dhuluma. Akajiapiza kwamba kama kitafungwa, kitafungwa kwa sababu iliyosikilizwa neno kwa neno.

Jumanne alipotoka kazini alifunga kibwebwe, akaketi mezani na kuanza na ule wa saba. Siku hizi nyimbo huja kwenye simu, hazina jalada wala karatasi ya majina, unabaki kukisia nani katunga nini. Aliandika beti mbili za kwanza bila taabu. Mistari yote iliishia kwa "ta." Ndivyo waliotunga zamani walivyokuwa, wakishika kina hawakiachii. Kisha akaandika ule wa tatu:

Nikichelewa kurudi, usidhani nimesita,
Kila mlango nagonga, kila jina nimeita,
Usizime hiyo taa, ni wewe nakutafuta.

Aliuangalia. Ulikaa sawasawa, kama droo iliyosukumwa na fundi wake. Hapo akafungua ukurasa wa arobaini na moja. "Kizingiti" nzima, mistari kumi na tisa, iliishia kwa "ni": moyoni, njiani, mlangoni, na kadhalika. Isipokuwa mstari wa mwisho, ule wa taa. Pembeni yake palikuwa na alama ya kuuliza kwa penseli, aliyoitia mwenyewe akiwa msichana, naye alikumbuka jinsi Mwalimu alivyomweleza kwa nusu saa nzima kwamba Mzee amevunja kina makusudi, kwa kuwa mapenzi hayafuati sheria. Alimwamini. Wote walimwamini, na Mwalimu akaandika makala kuhusu jambo hilo.

Alijiambia asiende mbio. Akarudisha wimbo mwanzo.

Mama yake, mwenye miaka themanini na sita na sikio moja zima, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, anachambua mchele. Wimbo ulipofika ubeti wa pili alianza kuufuatisha, sauti nyembamba, vidole havijaacha mchele. Katibu hakumjali, maana beti zile kila mtu anazijua. Ubeti wa pili ukaisha. Na kabla Mzee Kalamu hajavuta pumzi kuanza wa tatu, Mama alishaanza. "Nikichelewa kurudi, usidhani nimesita." Katibu akaisimamisha simu. Mama hakugundua. Aliendelea peke yake, kila mlango, kila jina, mpaka kwenye taa, akatoa kijiwe kwenye mchele na kukitupa.

"Mama, huo ubeti umeujuaje?"

"Umeujuaje nini? Si wimbo."

"Haujawahi kupigwa redioni."

"Redioni," Mama akasema, kwa dharau ya mtu aliyekuwepo. "Santuri ilikuwa ndogo, beti mbili zinajaa. Wa tatu tulikuwa tunaimbiwa ukumbini, watu wakishapata joto."

Alisimulia huku akichambua. Bendi ilikuwa ya wanaume watupu, na kiongozi wake ndiye aliyeandikwa kwenye santuri, lakini maneno hakuyatunga yeye. Aliyatunga mwanamke aliyekaa mlangoni kwenye stuli, akikata tiketi. Watu walimwita Tiketi. Alikuwa akitunga pale pale mlangoni, watu wanaingia, anamwimbia kila anayeingia mstari mmoja, na ukirudi wiki ijayo unaukuta mstari wako umeingia kwenye wimbo. Bendi ilimpa kiti cha bure na soda. Mwishoni mwishoni alikuja kijana wa gitaa la pili, mwembamba kama ufagio, haongei na mtu, akawa anakaa karibu na mlango ili amsikie. Huyo kijana ndiye huyo Mzee wenu, alisema Mama. Si niliwaambia.

Na kweli aliwaambia. "Kizingiti" ilipotoka, Mama alisema mbele ya wote kwamba mstari ule ni wa zamani, yeye aliucheza. Kaka alicheka. Katibu alimwambia kwa upole, ule upole wa kumwambia mtoto, kwamba amechanganya mambo. Mama alisema tena mwaka uliofuata, na mwingine, kisha akanyamaza. Sasa Katibu alikaa mbele ya Kitabu chake, masikio yanamwaka kwa aibu, akamwomba msamaha. Mama akamwambia asogeze taa, mchele huu una mawe.

Kesho yake, masaa ya kazi yalipoisha, Katibu alibeba Kitabu hadi kwa Mzee Kalamu. Mzee aliishi kwenye vyumba viwili vilivyo safi kupita kiasi, gitaa limelala kitandani kwenye taulo, naye amekaa kwenye kigoda anabadilisha nyuzi. Katibu alimwamkia, akaitikiwa, akakataa chai. Alifungua ukurasa wa arobaini na moja na kuuweka mbele yake.

"Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Na maneno?"

Mzee aliukaza uzi wa tatu, akaupima kwa kidole, akaukaza tena kidogo. "Umechukua muda," akasema.

Yaliyofuata aliyatoa taratibu, macho kwenye gitaa. Alipotunga "Kizingiti" mstari wa mwisho ulimgomea mwezi mzima, basi akauweka ule wa Tiketi, kwa heshima, akikusudia kumtaja. Na alimtaja. Alimtaja redioni mara mbili, na mara zote mbili mtangazaji akakata kipande hicho kwa sababu ya muda. Kisha watu wakaanza kulia wakifika kwenye mstari ule, na kuita vibanda vyao kwa maneno yale, na kumwita yeye Kalamu. Mdomo ukawa mzito. Halafu siku moja akaja binti na daftari.

"Ukaniambia niandike ni maneno yangu. Nikaangalia ukurasa. Wote ulikuwa wangu, isipokuwa mstari mmoja. Nikasema, mstari mmoja tu."

Alisema ameshajaribu mara tisa kutunga wimbo wa kukiri, na mara zote tisa ulitoka wimbo wa kujisifu kwamba anakiri. Ndipo alipoamua kuuimba wimbo wa Tiketi wenyewe, na ubeti wake wa tatu, auweke hadharani mbele ya watu wanaojua kila neno alilowahi kutamka.

"Nilitaka mnikamate," akasema. "Kama si nyinyi, nani? Badala yake nimeletewa pongezi. Wananishukuru kwa salamu."

Alicheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa na raha ndani yake. Katibu hakucheka. Alikuwa amekasirika, na hakutaka kujifanya hajakasirika. Alimwambia kwamba miaka thelathini na miwili amekuwa akiuandika uongo kwa mwandiko mzuri, ameupitisha kwenye kadi ya harusi yake, na amemfanya mama yake mzazi aonekane hana akili timamu, yote hayo kwa sababu mtu mzima aliona uvivu wa kusema sentensi moja. Mzee hakujitetea. Alisema ni kweli.

"Na zile nyingine kumi na moja?" Katibu akauliza. "Hizo nazo ni za kukiri?"

"Hizo naimba kwa sababu nazipenda. Mtu haruhusiwi?"

Katibu alifunga Kitabu. Alimwambia kwamba siku ya sherehe atausoma ukurasa huo mbele ya wote, na kuusahihisha, Mzee aje asije. Mzee akasema atakuja. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepangiwa siku ya upasuaji.

Kaka yake ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Katibu alimkuta Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, karakana yote inanuka vanishi, anapitisha msasa kwenye kingo za ubao uliofunikwa nusu kwa gunia. Alimweleza kila kitu, hakuacha hata yule kijana mwembamba kama ufagio. Mwenyekiti aliendelea kusugua. Aliposikia kwamba Mama aliimba kabla ya simu, mkono ulisita kidogo, kisha ukaendelea.

Alisema hata kama ni kweli, ni nani anaumia? Mwanamke mwenyewe ameshakufa, bendi imeshakufa, ukumbi umegeuzwa ghala la saruji. Walio hai ndio wanachama ishirini na watatu, ambao wamevaa mstari ule vifuani. Wengine kati yao wamezikana kwa mstari ule. Nusu yao walishamchukia mzee kwa kuimba vya watu, sasa uwaambie kwamba hata kile cha kwake hakikuwa chake? Chama kitakufa kesho saa tisa, na muuaji atakuwa Katibu wake.

"Wewe ndiye uliyetaka kukifunga," Katibu alimkumbusha.

"Nilitaka kukifunga kwa heshima."

"Kaka, Mama tulimwambia amechanganya."

Mwenyekiti alipuliza vumbi la msasa. Hakumtazama. "Ukisoma," akasema, "usinihesabu Mwenyekiti."

"Nitakuhesabu kaka," akasema Katibu, akaondoka kabla machozi hayajampata mbele yake.

Alilala vibaya. Aliyafikiria maneno ya kaka yake na akaona yana mantiki, na hilo ndilo lililomsumbua. Angeweza kuacha. Angeweza kupiga kura Kitabu kisifungwe, akamwachia Mzee dhambi yake, na kila mtu akarudi nyumbani na fulana yake. Lakini kila alipofika hapo katika mawazo aliiona sahihi ile chini ya ukurasa, na pembeni penseli yake ya usichana ikiuliza swali ambalo alikatazwa kuliuliza. Asubuhi alipiga moyo konde, akamvalisha Mama nguo yake nzuri, wakaita teksi.

Walifika wote ishirini na watatu, na fulana zao. Mama alipewa kiti pekee mle ndani kilichokuwa kimekamilika. Mzee Kalamu aliingia bila gitaa, wakampigia makofi ya aina mbili, ya kumshangilia na ya kutimiza wajibu, na sikio lolote lingeweza kuyatofautisha. Mwenyekiti, ambaye usiku hakukitupa cheo kama alivyoapa, au alikuwa anasubiri aone, alitoa hotuba fupi kavu na kuvuta gunia. Watu wakashusha pumzi. Lilikuwa jambo zuri, hakuna wa kubisha. Mstari ulinyanyuka kwenye mbao, jina la Mzee chini yake, na kuuzunguka wote palikuwa na maua yaliyochongwa moja moja, jani kwa jani, hayafanani mawili.

"Kabla hajapewa," Katibu akasema, akasimama.

Alisoma ukurasa wa arobaini na moja tangu mwanzo. Aliposoma ule mstari, nusu ya karakana iliusema naye, kwa mazoea. Kisha akamwomba Mama aimbe ubeti wa tatu, na Mama akauimba, akiwa ameketi, akiangalia ukutani. Katibu akawaambia ni wa nani, ulitungwa wapi, na tangu lini. Hakupamba wala hakupunguza.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema huo ni uongo wa bibi mzee. Mzee Kalamu akainuka.

"Si uongo," akasema. "Sahihi ni yangu, maneno si yangu. Nimewadanganya, na mmenipenda kwa hilo."

Basi hapo kila mtu alikuwa na lake. Wawili walitoka, mmoja akiwa ameivua fulana kabisa na kuitundika kwenye msumari wa mlango, kifua wazi, mbele za watu. Mwanamke mmoja alilia, akasema hajui analilia nini. Mmoja wa wale waliosema wino umekauka sasa alisema ndiyo kwanza amemheshimu mzee. Mwingine, aliyeipenda albamu tangu mwanzo, alisema hataki kumsikia tena. Mwalimu alisimama kueleza. Alifungua mdomo, akakumbuka makala yake, akakaa.

Katibu alingoja watulie, nao walipokataa kutulia alisema juu ya kelele zao, kwa sauti aliyoitumia kwenye dirisha la masjala siku za foleni. Alisema kura yake ni hii: Kitabu hakifungwi. Kanuni ya pili ndiyo itakayobadilishwa. Kuanzia leo wimbo wowote atakaouimba Mzee utaandikwa, wake na wa watu, na chini ya kila mstari ataandikwa mwenyewe halali. Asiyekubali, mlango ule pale. Hakuna mwingine aliyetoka.

Akaketi kwenye meza ya kazi, akasukuma maranda kando, akaondoa kofia ya kalamu. Alipiga mstari juu ya "Ni maneno yangu" ya Mzee, mmoja, ulionyooka. Pembeni akaandika: "Isipokuwa mstari wa mwisho, ambao ni wa." Hapo mkono ukasimama.

Karani wa masjala, miaka ishirini na saba, alisahau kuuliza jina.

Alimtazama Mzee. Mzee alitikisa kichwa, akasema walimwita Tiketi, yeye hakuwahi kujua jingine, na aliposema hivyo uso wake ulikunjamana kuliko alipokiri. Ukimya uliingia karakanani, ule wa kanuni ya kwanza. Kisha Mama akauliza kama sasa wanamsikiliza. Katibu akasema, "Ndiyo, Mama." Mama akalitaja jina. La Tiketi mwenyewe, la baba yake, na la babu yake, na mtaa aliokaa, na kwamba aliandika jina lake mwenyewe kwa herufi mbili mwanzoni, si moja kama watu walivyozoea kuliandika, na alikuwa mkali kwa hilo. Katibu aliandika kila kitu, akamsomea, akaambiwa ni sawa. Mzee Kalamu akaomba kalamu, akatia sahihi chini yake kama shahidi.

Mwenyekiti alikuwa bado amesimama na ubao wake. Alikuja taratibu, akainama juu ya Kitabu, akalisoma jina lile midomo ikicheza, akarudi kwenye ubao na kupima kwa vidole nafasi iliyokuwa chini ya mstari. Alipima mara mbili. Kisha akazungumza na Mama kana kwamba mle ndani hakuna mtu mwingine.

"Mama, jina refu hili. Hata nikiondoa la Mzee, halienei."

"Ondoa maua," Mama akasema.

Mwenyekiti aliyatazama maua yake ya wiki sita, akaenda kutafuta patasi.